Tarantula wangu ameziba shimo na hataki kula. Mgonjwa au ndiyo tabia yake?

Mkazi wa Tororo
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Nipo Tororo, njia ya kwenda Malaba. Nina tarantula, yule buibui mkubwa, hawa wa kwetu wa rangi ya udongo. Vijana waliokuwa wakichimba msingi walimfukua wakataka kumponda kwa jembe, nikamchukua. Anakaa kwenye tangi la kioo lenye udongo, gome la mti na kibakuli cha maji.

Alikuwa anakula vizuri sana: panzi, nyenje, mende. Tangu mwezi uliopita hagusi kitu. Ukimtupia panzi anarudi nyuma, ukizidi kumsumbua anainua miguu ya mbele na kuonyesha meno. Juzi ameziba mdomo wa shimo kwa utando na udongo. Mke wangu anasema ameshakufa, nimtoe kabla hajanuka. Jirani anashauri nimuwekee balbu apate joto. Nifukue nimwangalie, au nisubiri?

Kijana wa Arua
Kaka, mimi hapo ningekuwa nimeshahama nyumba. Nipo nasoma tu.

Nyabo wa Masaka
Usifukue! Kwanza nijibu: kabla hajaziba, tumbo lilikuwa limenona au limesinyaa? Na rangi yake?

Mkazi wa Tororo
Limenona dada, kubwa kuliko sehemu yote ya mbele. Limekuwa jeusi linang'aa kidogo, lakini miguu na mgongo vimefifia kama nguo iliyopauka.

Nyabo wa Masaka
Basi huyo ni mzima. Anataka kujivua gamba. Ngozi ya nje ya buibui haikui pamoja naye, kwa hiyo kila akitaka kuongezeka lazima aivue yote, hadi ngozi ya meno na ya ndani ya tumbo la chakula. Kabla ya hapo anaacha kula, wengine kwa wiki, wakubwa hata miezi, na anajifungia ili asivamiwe akiwa laini. Ule weusi wa tumboni ni ngozi mpya inaonekana kupitia ile ya zamani.

Kazi yako ni ndogo: toa panzi wote waliobaki humo, maana nyenje mmoja mwenye njaa anaweza kumtafuna buibui aliyelala hajiwezi. Maji yawepo muda wote. Balbu achana nayo. Joto la Tororo linamtosha, balbu itamkausha tu.

Mzee wa Bombo
Mimi niliwahi kumwona mmoja amelala chali, miguu juu, nikajua amekwisha. Watoto wakamtupa.

Nyabo wa Masaka
Mzee wangu, huenda alikuwa katikati ya kazi. Wengi hujivua wakiwa chali, na inaweza kuchukua saa nyingi. Ukimgeuza au kumvuta mguu wakati huo unamuua wewe mwenyewe.

Wa kuogopewa ni yule aliyesimama wima lakini miguu yote imejikunja chini ya mwili, tumbo limenywea. Buibui hana misuli ya kunyoosha baadhi ya viungo vya mguu, anavisukuma kwa nguvu ya maji ya mwilini. Maji yakipungua, miguu inajikunja. Huyo msogezee kibakuli kifupi, mdomo wake uguse maji. Kuna anayeweza kuamka.

Fundi wa Jinja
Naongeza jambo ambalo wengi hawalifikirii: dawa ya mbu. Ile ya kupuliza, ya kuwasha usiku, hata wale wanaokuja kupulizia kuta kwa ajili ya malaria. Zimetengenezwa kuua wadudu, na buibui hazimwachi. Wakija, mhamishe tangi kabisa. Na panzi wa shamba lililopigwa dawa usimpe.

Halafu udongo uwe na kina, nafasi ya juu iwe fupi. Huyu ni mchimbaji. Akipanda kioo akaanguka, tumbo linapasuka, na likipasuka mara nyingi ndiyo mwisho.

Kijana wa Arua
Na yale manyoya? Nimeona video mtu anawashwa mikono vibaya sana.

Fundi wa Jinja
Hao ni wa bara la Amerika, wanakwangua manyoya ya tumboni wanakurushia. Wa Afrika hawana manyoya hayo, wao wanategemea meno. Kwa hiyo akiinua miguu ya mbele hajakusalimia, ndugu yangu. Kuumwa kwake ni maumivu makali na misuli kukakamaa. Usimshike mkononi hata siku moja, na watoto wasifungue tangi.

Mzee wa Bombo
Pia usimuuze wala kumvusha mpakani bila kuwauliza watu wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 ipo.

Mkazi wa Tororo
Asanteni sana. Sitamgusa. Mke wangu nimemsomea, amekubali akae, ila tangi limetoka sebuleni. Akishatoka nimpe chakula lini? Na msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, ukifika, naweza kumnunulia sokoni?

Nyabo wa Masaka
Angalia meno. Akijivua yanakuwa meupe, baadaye mekundu, mwisho meusi. Yakiwa bado hayajawa meusi hayajakomaa, na windo likipiga teke yanaweza kuumia. Kwa mkubwa subiri wiki moja hadi mbili. Gamba usilitupe: likiwa bado laini, ukilifungua upande wa tumbo kwa ndani unaweza kujua ni dume au jike. Jike anaweza kuishi miaka 20 na zaidi, kwa hiyo mwambie shemeji mapema.

Nsenene wa sokoni hapana. Wengi wameshanyofolewa mabawa na miguu kwa ajili ya kikaango, na buibui wako anahisi windo kwa mtikisiko wa ardhi, asiyetembea hamshughulikii. Mtafutie panzi mzima, asizidi ukubwa wa tumbo lake. Za kikaango kula wewe, na mimi unitumie kikombe kimoja.