Firecracker, QEMU au Cloud Hypervisor: ipi ya kuendeshea programu za watu usiowajua?

fundi_seva
Wakuu, nina seva moja ya Linux yenye KVM (sehemu ya Linux inayowezesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya seva). Wanafunzi wananitumia programu zao, nami nataka kila programu ipate mashine pepe yake, ikimaliza ifutwe. Natumia QEMU, na kuwaka inachelewa. Nani ameshazilinganisha programu hizi tatu za kuendesha mashine pepe?

mtu_wa_kerneli
Firecracker, bila kusita. Amazon waliitoa 2018, imeandikwa kwa lugha ya Rust, na chimbuko lake ni crosvm, programu ya Google ya kazi kama hiyo. Mgeni (yaani mashine pepe) anapewa diski, kadi ya mtandao, vsock (njia ya kuzungumza na seva), serial (mlango wa maandishi) na kibodi ambayo kazi yake ni kuzima mashine tu. Hakuna USB wala skrini. Wenyewe wanaahidi milisekunde 125 hadi init (programu ya kwanza ya mgeni) ianze, na chini ya MiB 5 za RAM ya ziada kwa mashine ndogo. Mimi ninachokipenda zaidi ni jailer: inaufungia mchakato wa Firecracker ndani ya chroot (folda usiyoweza kutoka nje yake), inauvua uwezo wa root (msimamizi mkuu), kisha seccomp, kichujio cha Linux, inakataa kila mwito wa kerneli (kiini cha mfumo) usioruhusiwa.

Zuhura_dev
QEMU inaiga karibu kila kifaa, na hapo ndipo hatari inapoingilia. Mnaikumbuka VENOM, kasoro ya usalama ya QEMU ya 2015? Tundu lilikuwa kwenye kidhibiti cha floppi, limekaa humo tangu 2004. Hata ukiiondoa floppi, kidhibiti kilibaki hai. Aina ya mashine ya "microvm" iliyokuja na toleo la 4.2 la QEMU inapunguza vifaa, na kwa wengi inatosha.

nahodha_kvm
Ukihitaji GPU, Windows, au kuongeza RAM mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, chukua Cloud Hypervisor. Nayo inatumia maktaba za rust-vmm (vipande vya kodi vya pamoja) kama Firecracker, kwa hiyo kasoro ikizibwa humo wote wananufaika.

Ila fundi, matunzo hayaishii hapo. Kerneli ya seva na ya mgeni ni juu yako kuzisasisha. Zima SMT (kiini kimoja cha CPU kufanya kazi mbili kwa pamoja), KSM (kuunganisha kurasa za RAM zinazofanana) na swap (kuhamishia RAM kwenye diski). Na serial usiiache wazi! Mgeni mmoja alichapisha herufi usiku kucha, asubuhi nikakuta logi imejaza diski yote.

fundi_seva
Asanteni sana. Nimeweka 8250.nr_uarts=0 kwenye kerneli ya mgeni ili kuzima serial, majibu ya programu nayapokea kwa vsock. Sasa jailer inakataa kufungua picha ya diski.

mtu_wa_kerneli
Nakili picha hiyo ndani ya chroot, kisha tumia chown (amri ya kubadili mmiliki) iwe ya uid (namba ya mtumiaji) ile ile uliyoipa jailer.

fundi_seva
Imewaka!