Wanapimaje sumaku ya wingu la gesi ambalo hakuna mtu amefika?

mpunga_upepo: Wakuu habari za usiku. Jana umeme umekatika mtaani tukatoka nje, lile kundi la nyota la Jabari (Orion) liko juu kabisa, nikamwonyesha dogo lile doa lenye ukungu pembeni ya zile nyota tatu za mkanda nikamwambia pale nyota zinazaliwa. Leo nasoma nakuta mawingu kama yale yana sumaku na watu wameipima. Sasa dira unaiwekaje huko wakati mwanga tu unatumia miaka kama 1,350 kutufikia? Au wanakisia?

fundi_antena: Hawakisii mkuu. Wanapima kilichopenya humo. Nyuma ya wingu, mbali sana, kuna galaksi zinarusha mawimbi ya redio yanayotikisika kwa upande mmoja, yakikatiza gesi yenye elektroni huru na sumaku ule upande unazunguka. Mwanafizikia Faraday alishaona kitu hicho kwa mwanga ndani ya kioo mwaka 1845. Nebula ya Rosette, wingu jingine la gesi kama hilo, imepimwa hivyo kwa VLA, ule mtambo wa antena nyingi za redio kule New Mexico, Marekani.

mpunga_upepo: Na watajuaje umezunguka mara ngapi?

fundi_antena: Hapo ndo kazi ilipo. Ukikuta mshale wa saa uko kwenye 3 utajuaje umeshapiga raundi ngapi? Ndo maana wanapima kwa masafa mengi, mawimbi marefu yanazunguka zaidi, urefu ukiongezeka mara mbili mzunguko unakuwa mara nne.

BintiFizikia: Ongezea na hili, ule mzunguko ni elektroni na sumaku vimeshachanganyika kama uji, lazima kwanza ujue unga ni kiasi gani. Elektroni wanazipata kwenye mng'ao wa redio wa wingu lenyewe. Na unapata sumaku inayotuelekea au kutupa mgongo tu, ya kukata pembeni huioni.

mpunga_upepo: Ile ya Zeeman tuliyokaririshwa chuo, kwamba sumaku inapasua mstari wa mawimbi ya gesi, haifai?

BintiFizikia: Inafaa kwenye gesi baridi. Mstari wa haidrojeni wa sentimita 21 (wimbi la redio ambalo haidrojeni hutoa au hufyonza), sumaku ya maikrogausi 50 (dira yako hapo nje inacheza kwa nguvu mara elfu kadhaa ya hiyo) inaupasua kwa hezi 140 tu, na mstari wenyewe uko hezi milioni 1,420. Gesi ya ayoni, ile yenye elektroni huru, ina joto la nyuzi kama 10,000, mistari yake imetanuka mno, huoni mpasuko wowote. Ila lile doa la dogo lina pazia la gesi baridi mbele yake, hilo lilipimwa kwa Zeeman.