Mrejesho: tulitumia viinitete vilivyogandishwa

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa tatu niliuliza hapa: nina miaka 43, tuna viinitete 4 vilivyogandishwa, yaani mayai yaliyorutubishwa maabara: mayai ya mwanamke aliyetuchangia, pamoja na mbegu za mume wangu. Tuvitumie, au tutafute mchangiaji mwingine tuanze upya?

Dada aliyenijibu kwamba umri unaohesabika ni wa mwenye mayai alinitoa hofu kubwa. Daktari alisema vivyo hivyo: mchangiaji wetu alikuwa na miaka 26, na ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kiinitete hakizeeki. Tukavitumia, kimoja kimoja kama mlivyoshauri, ili kuepuka mapacha.

Nilimeza homoni ya estrojeni mpaka utando wa mji wa mimba ukafika milimita 8, kisha homoni ya projesteroni siku 5 kabla ya kuwekewa kiinitete. Kiinitete cha kwanza hakikupona kilipoyeyushwa. Cha pili kiliwekwa, kipimo cha damu kikasema hakuna mimba. Nililia wiki nzima. Mlionipigia simu siku zile, Mungu awabariki.

Ushauri wa kulala kitandani siku kumi baada ya kuwekewa sikuurudia kwa cha tatu. Uliniumiza mgongo tu, na daktari alisema kutembea hakudhuru.

Cha tatu kilishika! Nina wiki 14, mapigo ya moyo tumeyasikia. Mimba ya mayai ya kuchangiwa huongeza hatari ya presha, kwa hiyo napimwa kila nikienda kliniki. Cha nne bado kimehifadhiwa, tunakilipia kila mwaka.

Asanteni sana.