Tupeane uzoefu: wenye ADHD, usonji au disleksia, chuo mlikipitaje?

BintMwera (mleta uzi)
Assalaam alaykum wapendwa. Mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Unguja, juzi karudi nyumbani na sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Huyu ni mtoto aliyefaulu form six vizuri, na nyumbani kwetu pasi ikiharibika au simu ikizima ndiye tunayempelekea. Lakini asaimenti anaianza usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, testi moja hakwenda kwa sababu alijua ni Alkhamisi kumbe Jumatano, na kadi ya mtihani kaipoteza mara mbili semista moja.

Mama alisema kafanyiwa kitu. Kombe (maji ya aya za Qur'ani) kanywa, dua kasomewa, na sapu zikabaki pale pale. Mwezi uliopita tukavuka naye Dar. Daktari alimhoji muda mrefu, mie na mama nasi tukahojiwa mambo ya utoto wake, mwisho tukaambiwa ni ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kutulia, kushika jambo na kupanga muda. Ana miaka 21. Mama kalia kwenye boti njia nzima, anahesabu bakora alizompiga.

Naomba mlio na hali hii au mfano wake, au mliolea, mtueleze chuo mlikipitaje. Ile ya "ajitahidi tu" msituletee, tunayo nyumbani ya kutosha.

MtuWaKonde
Waalaykum salaam dada. Langu ni disleksia, ile shida ya kusoma maandishi, na nimelijua nikiwa na miaka 26, diploma nishamaliza.

Chuoni, yaani chuo cha Qur'ani, nilikuwa wa mbele. Ustadhi anasoma, mie naitikia, juzuu mbili za mwanzo nilizihifadhi kabla ya wenzangu. Siku akinambia nisome mwenyewe kwenye msahafu, jasho. Skuli nako, Kiswahili nilikisoma polepole lakini nikifika, maana kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Balaa lilianza Kiingereza kilipokuwa ndiyo lugha ya masomo. Though, through, tough. Hebu nambieni nyie, hizo herufi zina ugomvi gani? Mwalimu akanipa jina, sitalitaja, na darasa zima likalishika.

Diploma nimeimaliza kwa masikio. Rafiki yangu mmoja wa Micheweni tulibadilishana: yeye ananisomea desa (notisi za masomo), ananitumia meseji za sauti za dakika tano tano, mie namfundisha hesabu. Nilikuwa nazisikiliza garini kutoka Konde mpaka Chake. Baadaye sana ndio nikajua simu yenyewe ina sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, bure, iko kwenye mipangilio. Miaka yote hiyo nimeibeba mfukoni!

Mtihani ndio ulionishinda. Niliomba dakika za ziada, nikaulizwa barua ya daktari iko wapi. Sina. Basi swali la mwisho kila mara naliacha tupu, na jibu nalijua.

MzeeWaBaraza
Enzi zetu hayakuwepo haya ma-ADHD. Ilikuwepo bakora, na watu wakawa madaktari.

MtuWaKonde
Shikamoo mzee wangu. Waliokuwa madaktari tunawajua. Waliokimbia skuli darasa la nne wakaenda kuvua pweza, nani kawahesabu?

KichwaMwani
Nimesita kuandika, lakini haya. Mie nina usonji, wenyewe wanaita autism, ubongo unapokea sauti na mambo ya watu kwa namna tofauti. Watu wakisikia usonji wanafikiria mtoto mdogo asiyesema. Mie nasema, tena nikipata mada yangu sinyamazi (kilimo cha mwani, ukiwa na saa tatu njoo uniulize).

Dakhalia, yaani bweni la chuo, tulikuwa wanane chumba kimoja. Feni inalia, mmoja anafukiza udi, mwengine anasikiliza mawaidha kwa sauti ya juu, taa inawaka mpaka saa sita usiku. Wiki ya kwanza sikulala. Lakini kilichonitesa zaidi ni salamu. Kwetu mtu haamkii mara moja akapita. Hujambo, umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, mama hajambo, haya na masomo je. Mie najibu la mwanzo nikidhani yamekwisha, nachukua ndoo yangu nakwenda kuoga. Mwezi haukwisha nikasikia naitwa malkia. Ana maringo, hasemi na watu.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa kitanda cha juu, mtu wa Makunduchi. Usonji hakuujua na hakuniuliza kitu. Aliniona tu naziba masikio kwa mto. Siku moja akawaambia wote mbele yangu: "Huyu hana kiburi, kelele zinamuuma kama linavyokuumeni jino." Basi. Ikapangwa taa kubwa izimwe saa nne, anayesoma awashe tochi ya simu. Kitanda changu kikahamishiwa pembeni, mbali na mlango. Na mie nikaziandika salamu zote kwenye daftari, moja baada ya moja na jibu lake, nikazihifadhi kama shairi. Mpaka leo naitikia vizuri, ingawa zinanichosha kuliko mtihani.

Muhula uliofuata nikahamia kwa shangazi mjini. Gari za Tunguu, za kwenda chuoni, zikijaa siziwezi: miziki, honi, mtu kakuegemea. Nilikuwa napanda ya saa 12 asubuhi, kiti cha mbele karibu na dereva, na kipindi changu ni saa 3. Nikifika nakaa chini ya mwembe peke yangu. Chini ya ushungi naweka vizibo vya masikio, hakuna anayeviona. Dada zangu mlio kama mie, hii ichukueni.

Ila ushungi huo huo ulinitia matatani. Kwenye mtihani wa mwaka wa pili nilikuwa naurekebisha ushungi wangu, msimamizi akaona kitu cha manjano sikioni. "Huyu ana simu!" Ukumbi mzima ukageuka. Nikatolewa nje, akaitwa mwanamke kunikagua, vikakutwa vipande viwili vya sponji, havina waya wala nini. Nilirudishwa dakika 25 zishapotea na mkono unatetemeka, kalamu haishikiki. Hakuna aliyesema samahani. Tangu siku ile, kila mtihani nafika mlangoni na vizibo kiganjani, namuonesha msimamizi kwanza, ndio naviweka.

Um_Salma
Pole mwanangu. Vizibo hivyo vinapatikana wapi? Binti yangu anaanza mwaka huu.

KichwaMwani
Uliza duka la dawa, mama. Ukikosa nenda maduka ya vifaa vya ujenzi, ni vile vile wanavyovaa mafundi wa mashine.

ChakiNaBodi
Mie nafundisha chuo, kipi si muhimu. BintMwera, sapu hazijafika, kwa hiyo fanya haraka: barua ya daktari iende kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya mtihani. Ikifika baada ya matokeo inasomwa kama kisingizio. Na isiandikwe "ana ADHD" ikaishia hapo. Barua ya mwanzo niliyowahi kuletewa ilikuwa na jina la hali tu, tukakaa kikao tukatazamana. Daktari aandike kinachotakiwa: muda wa ziada, chumba kisicho na kelele, maagizo kwa maandishi.

Zanzibar ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006, na skulini neno elimu mjumuisho, yaani wenye ulemavu na wasio nao wasome pamoja, linajulikana. Vyuoni wengi wetu tukisikia ulemavu tunawaza njia ya kiti cha magurudumu. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Kuna kijana nilimwita mvivu mbele ya darasa, akadisko, yaani akaondolewa chuo kwa kufeli. Miaka mingi baadaye mwanangu mwenyewe akaonekana na hali hiyo hiyo, na sijui yule kijana yuko wapi nikamtake radhi. Siku hizi asaimenti naikata vipande vitatu, kila kipande na tarehe yake, naitaja kwa mdomo na naiandika ubaoni. Ni dakika mbili za kazi.

PindiLaUkili
Mie ADHD, Bumbwini. Nilipoambiwa nikamuone daktari Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, nilikaa miezi minne. Jina lile kwetu unalijua, ukionekana pale umeshakuwa mwendawazimu. Siku niliyokwenda nilishuka kituo cha mbele nikarudi kwa miguu, kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Mlangoni nani nakutana naye? Imamu wa msikiti wetu, kampeleka ndugu yake. Tukaamkiana, kila mmoja akatazama kwake.

Dawa nimeandikiwa. Ramadhani daktari alinipangia upya saa ya kumeza. Dozi msiulizane humu, kila mtu amuulize aliyemwandikia. Lakini dawa peke yake haikunipa kujua muda. Ukinambia Jumatatu ijayo, kwangu ni kama umenambia Kiama: kitakuja, naamini, lakini sikioni.

Aliyenisaidia ni bibi yangu, hajui kusoma. Aligundua nikiwa peke yangu chumbani sisomi, nikikaa na mtu nasoma. Akawa anakuja barazani na miyaa yake, anasuka ukili (ule utepe mrefu wa kushonea mikeka), mie nasoma pembeni yake. Hatusemi. Akimaliza pima moja (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) ananigonga goti, nasimama, nakunywa maji, narudi. Pima tatu ndio sura moja ya kitabu. Muda kwenye saa siuoni, ule ukili ukirefuka sakafuni nauona. Nilipokwenda dakhalia nikamtafuta jamaa mmoja anayeshona kofia, tukakaa naye vivyo hivyo. Kofia yake imekwisha, na mie nimevuka bila sapu.

BintMwera (mleta uzi)
Nimemsomea mdogo wangu uzi wote, kasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake. Barua tunaifuata wiki hii. Mama keshatoa miyaa uvunguni, anasema na yeye zamani akisuka. Ila kijana ana suali lake: pima moja ni dakika ngapi?

PindiLaUkili
Inategemea nani kapita njiani. Mwambie mama ageuzie mgongo barabara.