UKOO WETU MZA–BK: kabini za meli ya Desemba

[18:52] Koku: Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Ni kuhusu safari ya meli Mwanza–Bukoba kwenda kuweka msalaba wa babu tarehe 27. Leo mchana nimekwenda mwenyewe bandarini Mwanza Kaskazini nimeongea nao ana kwa ana maana nyie mkisubiriwa tutafika nyumbani Pasaka. Kabini zinawahiwa, Desemba wahaya wote wanarudi na suti zao. Nataka kila mtu aseme LEO analala wapi

[18:53] Koku: Mama Eddy wewe hasa

[19:24] Koku: Jamani

[19:41] Koku: Naona tiki za bluu hapa watu kumi na moja mmesoma mmepita. Haya

[19:58] Mama Eddy: Nimeona dada nilikuwa jikoni. Mi mwenzenu maji yananitisha na nyie mnajua. Hata kivuko cha Kigongo enzi zile nilikuwa nasimama katikatiii nimeshika gari la mtu nisiyemjua nimefumba macho mpaka Busisi, na kile ni kipande tu ng'ambo unaiona. Sasa usiku kucha, giza, maji pande zote, afu nimefungiwa chumbani? Mi nitapanda basi tutakutana huko

[20:01] Baraka: si daraja lishafunguliwa basi linapita juu fasta kivuko cha nini tena

[20:03] Koku: Baraka daraja tunalijua tunaishi nalo huku, km 3 tumezipiga picha mpaka basi. Tatizo ni magoti ya shangazi, hawezi kukaa amekunja miguu kutwa nzima Geita yote mpaka Muleba. Tulikubaliana kikao cha Pasaka anakwenda kwa meli ajinyooshe alale na Mama Eddy ndo alale naye chumba kimoja maana mi nakoroma na Adela anaongea usingizini

[20:04] Adela: Mi siongei usingizini

[20:04] Koku: Waulize watu wa Kahama

[20:06] Anko Deo: Pandeni ndege nyie muache kelele 😂

[20:07] Mama Eddy: Ndege ya Novemba 2022 ilitua wapi Deo? Si humo humo ziwani pale Bukoba watu 19 wakaenda

[20:07] Anko Deo: Daah

[20:09] Koku: Tusiende huko. @Seve uko hewani? Wewe ndo wa majini waeleze hawa kuhusu kabini

[20:31] Seve: Shkamooni. Ndo natoka mwaloni sasa hivi. Iko hivi, meli haichezi sawa kila sehemu, mbele na nyuma ndo kunapanda na kushuka, na ukiwa juu sana ndo unayumbishwa zaidi, katikati na chini ndo kumetulia. Kwa hiyo mtu wa kutapika mpeni katikati ya meli, chini kadri mtakavyopata, ila asikae karibu na injini maana joto na kelele na ile harufu ya dizeli inamtapisha mtu hata meli ikiwa bado imefungwa gatini. Na msidanganyike na jioni, mtaondoka maji yametulia mkaanza kupiga picha, mvua na upepo wa ziwa hili zinakuja usiku wa manane kuelekea alfajiri. Kuleni mapema chakula chepesi muwe mmelala kabla ya saa 5, ikianza kucheza iwakute mko usingizini

[20:33] Koku: Mama Eddy umesikia mtaalamu. Katikati, chini. Kesho naweka jina lako na shangazi

[20:36] Mama Eddy: Asante Seve ila mi sitapiki. Sijawahi kutapika kwenye chombo chochote. Mi NAOGOPA. Na chini ndo sitaki kabisa kusikia, chini ndo maji yanakoanzia kuingia

[20:38] Seve: Aaa basi hapo nilijibu swali lingine. Anayeogopa dawa yake ni kinyume, apewe cha juu chenye dirisha karibu na njia ya kutokea nje. Atayumba zaidi kidogo lakini ataona taa na atajua mlango uko wapi. Ukimfungia chini gizani anasikia kila kishindo hajui ni nini, hapo ndo roho inamtoka

[20:39] Mama Eddy: Na dirisha nikiona maji je

[20:40] Seve: Usiku huoni maji shem, unaona giza. Weka pazia

[20:41] Mama Eddy: Giza ndo nilikuwa nasema

[20:43] Baraka: mama eddy usiogope nimegugo ziwa victoria kina chake mwisho ni kama mita 80 tu, bahari huko ni maelfu

[20:44] Mama Eddy: Na mimi mwisho wangu ni mita moja na nusu Baraka

[20:44] Adela: 😂😂😂😂

[20:44] Anko Deo: Ukivaa kilemba mbili

[20:45] Adela: Kwani tarehe hizo senene watakuwa bado wapo?

[20:46] Seve: Wabichi sijui ila wa kukaanga hawakosekani

[20:46] Anko Deo: Niwekee ndoo

[20:47] Adela: Ndoo nzima Deo una watoto wangapi

[20:48] Anko Deo: Zawadi za watu wa ofisini

[20:49] Koku: JAMANI. Kuna mtu anaogopa kufa hapa nyie mnapima senene kwa ndoo. Turudi kwenye meli. Meli yenyewe ni Victoria, ilifanyiwa ukarabati mkubwa ikarudi kazini 2020 ina injini mpya, inabeba watu 1,200, siyo mtumbwi

[20:50] Anko Deo: Imeanza kazi 1961 hiyo inalingana na uhuru. Mbali na injini kila kitu humo ni mzee

[20:51] Koku: Deo unasaidia au unaharibu

[20:51] Anko Deo: Natoa historia

[20:53] Koku: Kianzio ni elfu 50 kila mtu mzima, nyingine tutamalizia wiki ya kwanza ya Desemba. Mkusanyaji ni Deo kama kawaida

[20:54] Adela: Deo?

[20:54] Adela: Baada ya lile godoro la bluu?

[20:55] Anko Deo: Haya. Tumeanza

[20:55] Baraka: godoro la bluu ndo nini

[20:57] Adela: Mi nauliza tu kwa amani. 2021 tulichanga kabini ya mama, mama akalala kwenye korido pembeni ya mikungu ya ndizi, na aliyeshika hela alikuwa juu huko na wenzake wanakula upepo

[20:59] Anko Deo: 2021 mlichanga watu watatu!! WATATU. Wewe mwenyewe ulisema nitatuma mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi huo sijauona mpaka leo. Nilitaka nifanyeje nimnunulie mama chumba kwa nia njema zenu? Godoro nilinunua kwa hela YANGU na hakuna aliyewahi kunirudishia ila kila Krismasi nalisikia

[21:00] Adela: Na liko wapi sasa hivi

[21:00] Anko Deo: Ujumbe huu umefutwa

[21:01] Koku: Nimeusoma Deo

[21:02] Baraka: samahani nauliza, hii victoria ndo ile iliyozama wakaibadilisha jina au

[21:02] Koku: Baraka

[21:03] Koku: Baraka futa hiyo shangazi yumo humu

[21:17] Neema: Hapa ni mimi Neema. Bibi nimemsomea yote. Anasema niandike anavyosema nisipunguze

[21:24] Neema: Anasema. Baraka si kosa lako, ulikuwa hujazaliwa. Iliyozama ni MV Bukoba, tarehe 21 mwezi wa 5 mwaka 1996, asubuhi, Mwanza wameshaikaribia watu wanafunga mizigo. Ilipinduka. Walikuwa hai ndani wanagonga bati, wa juu wanawasikia. Wakatoboa ili wawatoe, hewa ikatoka ikashuka nao. Victoria ni meli nyingine, ilikuwepo wakati huo na ipo. Feli alikuwa ndani ya Bukoba. Tulikwenda uwanja wa Nyamagana mimi na baba yenu tukapita tunatazama nyuso moja moja. Hatukumwona. Yuko Igoma na wale waliozikwa bila kujulikana au yuko majini, Mungu ndiye anajua

[21:27] Neema: Anasema tena. Nimewasikia mnapanga nilale chini kwa sababu kumetulia. Silali chini. Nipeni chumba kilicho karibu na mlango wa kutokea nje hata kama kinayumba nitashika kitanda. Usiku mlango wa chumba usifungwe kwa ufunguo. Na kabla meli haijaondoka mtu aniletee laifu jaketi niishike mwenyewe na anifundishe inavyofungwa, nisiambiwe ipo. Kama chumba hicho hakuna nitakaa kwenye kiti mpaka kuche. Baba yangu anawekewa msalaba, nitavuka

[21:28] Neema: Anasema na hela asishike Deo

[21:29] Neema: Mwisho wa bibi

[21:33] Koku: Tumesikia shangazi 🙏

[21:33] Adela: 🙏

[21:34] Mama Eddy: 🙏🙏

[21:36] Anko Deo: Sawa shangazi

[21:41] Baraka: shikamoo bibi, nisamehe

[21:43] Neema: Anasema marahaba, soma shule

[21:58] Koku: Basi tunapanga upya. Kabini ya juu karibu na mlango ni shangazi na Mama Eddy. Ya katikati chini aingie Adela maana huyo ndo mtapikaji wetu

[21:59] Adela: Nani kasema natapika

[21:59] Koku: Adela, Ukerewe

[22:00] Adela: Ile ilikuwa samaki

[22:02] Seve: Dada Koku mi nakuomba kitu kimoja, usikubali ya kuambiwa dirishani kwenye tiketi. Nenda siku meli iko gatini mchana, omba uingie uone hicho chumba kwa macho. Angalia mlango wake unafungukia ndani au nje. Tembea toka kitandani mpaka nje ukihesabu milango kwa mkono ukutani, maana taa zikizimika mkono ndo macho. Jaketi zimewekwa wapi, chumbani au kwenye masanduku ya nje. Ukimletea shangazi hayo atalala. Mama Eddy pia, mtu akishaijua njia uoga unapungua wenyewe, mi nimeona hata kwa vijana wapya wa kwenye mtumbwi. Wale waliopona kwenye ndege pale Bukoba si mnakumbuka yule kijana Majaliwa alivyokwenda na kasia lake kwenye mlango wa nyuma, kila kitu kilikuwa mlango

[22:04] Koku: Jumatatu nakwenda nikitoka kazini. Nikichelewa Jumatano

[22:06] Mama Eddy: Nipigie video ukiwa humo nione. Usinionyeshe maji, nionyeshe chumba tu na ngazi

[22:07] Koku: Kwa hiyo unakwenda?

[22:15] Mama Eddy: Sijasema nakwenda. Nimesema nione. Shangazi akivuka na mimi nimekaa kwenye basi nitaonekanaje, ila nafsi yangu bado haijakubali, na nataka niwekewe siti ya basi ya akiba mpaka siku yenyewe

[22:16] Koku: Siti ya akiba analipa nani Mama Eddy

[22:21] Neema: Bibi kalala ila kabla hajalala alisema Mama Eddy asipande kwa kuona aibu, akipanda apande kwa kutaka. Na akiogopa usiku amwamshe wataongea, yeye hatakuwa amelala

[22:22] Mama Eddy: ❤️

[22:22] Mama Eddy: Nitasema Jumapili

[22:25] Koku: Haya hela. Adela shika wewe

[22:26] Adela: Mi sitaki lawama. Mtaanza na mimi kuniita majina

[22:27] Koku: Shika mpaka Jumapili tu. Na tangazo, aliyenunua godoro kwa hela yake tutamhesabia kwenye mchango wake, tulimalize hilo

[22:28] Anko Deo: Kwa bei ya 2021 au ya leo

[22:28] Koku: Deo

[22:28] Anko Deo: Nauliza tu kwa amani 😂

[22:47] Mjomba Rwega: Shkamooni ndo naingia nilikuwa kwenye kikao. Nimesoma juu juu. Senene ndoo ni bei gani?

[22:48] Koku: Mjomba unalala wapi kwenye meli

[22:49] Mjomba Rwega: Meli ipi tena

[22:52] Koku: Soma juu mjomba, kuanzia mwanzo

[23:05] Anko Deo: Nimeshatuma elfu 50 kwa Adela msije mkasema. Wa kwanza nani? Mimi

[23:06] Adela: Sijaona kitu

[23:06] Anko Deo: Imeandika imekwenda

[23:07] Adela: Umetuma namba gani

[23:07] Anko Deo: Ile inayoishia 40

[23:08] Adela: Deo hiyo laini niliiacha tangu nahama Kahama

[23:09] Koku: Piga huduma kwa wateja SASA HIVI warudishe kabla haijatolewa. Sasa hivi Deo siyo kesho

[23:09] Anko Deo: Nimewekwa kwenye muziki

[23:31] Mjomba Rwega: Sawa nimesoma. Tunashukia Kemondo au Bukoba mjini?