Tupeane uzoefu: akhlaki (tabia na adabu) za watoto wa msingi, nani anafanikiwa na vipi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Tanga, mwanangu yuko darasa la pili shule ya serikali, alasiri madrasa. Ustadhi wa kipindi cha dini anajitolea, basi akikosa nauli hakuna kipindi. Dua mtoto anazo, mtihani anapasua. Ila bibi yake akiwa barazani, anampita bila salamu. Nataka mliyoyaona kwenu, mawaidha nitayapata Ijumaa.

Mama wa Kisauni: Huku Kenya IRE, somo la dini ya Kiislamu, imo kwenye CBC, mtaala wetu wa shule, hata gredi ya kwanza, na Akhlaq ina mada yake. Mwalimu wa binti yangu alitupa karatasi, mzazi atie tiki kila jioni mtoto akifanya jema. Wazo zuri. Sasa wenzangu wanatia tiki za wiki nzima Ijumaa asubuhi, getini.

Mie wa Unguja: Skuli dini ni somo kama hesabu, lakini wangu kanyooshwa chuoni, yaani madrasa. Alhamisi wanakula pamoja jamvini, watoto sita sinia moja. Kabla ya kula mwalimu anawasimulia Umar bin Abi Salama, alivyokuwa mtoto na mkono wake ukizunguka sahani nzima, Mtume (SAW) akamwambia ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale cha mbele yake. Baada ya hapo hasemi neno. Anatazama mikono. Kijana akivuka kufuata kipande cha samaki cha mwenziwe, mwalimu anakohoa, na sinia zote zinajua nani. Mwanangu sasa anamkoholea babake.

Zao la bakora: Sisi tulichapwa. Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Qur'ani, ninayo kichwani mpaka leo, lakini tukimwona mwalimu sokoni tulikata kichochoro ili tusimsalimie. Mniambie hapo adabu iko wapi.

Baba wa Temeke: Wangu kafundishwa Sura Luqman, aya ya 19. Jioni nagombana na fundi kwenye simu, akaja taratibu: "Baba, ustadhi kasema sauti inayochukiza kuliko zote ni ya punda." Mama yake alikimbilia jikoni kucheka. Fundi mwenyewe alisikia.

Mwanzisha mada: Hahaha! Wa Unguja, hilo sinia nani analipia?

Mie wa Unguja: Wazazi kwa zamu. Mwenye zamu akikwama, wanakula muhogo, na kukohoa ni kulekule.