Sensa isiyotumia waya inamaliza betri ndani ya siku 15: ninunue vifaa vipya au nijifunze programu kwanza?

MpimaMaji (swali)

Wakuu, habari za kazi. Nimeunda kituo kidogo cha kupima kina cha maji kwenye tangi na kupeleka taarifa kwa njia ya redio kila baada ya dakika 10. Ndani yake kuna bodi ya majaribio ya ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta), moduli ya LoRa (redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo) yenye chipu ya SX1276 kwenye masafa ya megahezi 868, na betri moja ya lithiamu aina ya 18650 yenye ujazo wa miliampea-saa 2600, ambayo nimeiunganisha kwenye pini ya volti 5 ya bodi. Antena ni ile ndogo ya koili iliyokuja pamoja na moduli.

Waraka wa chipu unasema kwamba ESP32 ikiwa katika usingizi mzito hutumia takriban maikroampea 10 tu, kwa hiyo nilitarajia betri ikae mwaka mzima. Imekaa siku 15. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba kituo kilipozimika, betri bado ilisoma volti 3.6. Pia ujumbe unaanza kupotea nikivuka mita 700, ilhali ninahitaji kufika kilomita 2.

Nimekuwa nikisoma habari za vifaa vipya, yaani ESP32-C6 yenye Wi-Fi 6, moduli za Bluetooth zenye masafa marefu, hata vipanga njia vya Wi-Fi 7, na ninajiuliza kama tatizo langu ni kutumia vifaa vilivyopitwa na wakati. Kwa upande mwingine, kila ninapouliza ninaambiwa nijifunze programu za KiCad (kuchora bodi), LTspice (kuiga saketi), GNU Radio (kuchakata mawimbi ya redio) na FreeCAD (kuchora maumbo). Siwezi kuyafanya yote kwa pamoja. Je, nianzie wapi?

FundiMkondo

Ndugu MpimaMaji, usinunue chipu mpya kwa sasa. Tufanye hesabu kwanza, kwa sababu takwimu ulizozitoa zinatosha kumtaja mhusika mkuu.

Miliampea-saa 2600 zikigawanywa kwa saa 360, ambazo ndizo siku zako 15, unapata wastani wa miliampea 7.2. Kwa kuwa betri haikuisha kabisa, wastani halisi ni mdogo kuliko huo, lakini bado ni mamia ya mara ya zile maikroampea 10 ulizozisoma. Takwimu ya waraka ni ya chipu peke yake, nawe hukuiweka chipu peke yake tangini. Uliweka bodi nzima. Bodi nyingi za majaribio za ESP32 hutumia regyuleta (kifaa cha kushusha na kutuliza volteji) ya AMS1117, ambayo kwa kuwashwa tu, hata kama hakuna kinachofanya kazi baada yake, hunywa takriban miliampea 5. Ongeza taa nyekundu inayowaka muda wote pamoja na chipu ya kuunganisha USB, na fumbo lako karibu limefumbuliwa.

Regyuleta hiyohiyo ndiyo inayoeleza zile volti 3.6. AMS1117 huhitaji volteji ya kuingia iwe juu ya ile ya kutoka kwa takriban volti 1, kwa hiyo ili itoe volti 3.3 kamili inataka takriban volti 4.2 au zaidi, na betri ya lithiamu hufikia kiwango hicho inapokuwa imejaa tu. Baada ya hapo ESP32 yako imekuwa ikiishi kwa volteji pungufu, hadi siku ambayo redio iliwaka, volteji ikaporomoka na chipu ikajizima ili kujilinda. Betri haikuisha, ilishindwa kufikisha umeme uliokuwa bado umo ndani yake.

Weka regyuleta yenye matumizi madogo badala yake. MCP1700 ya volti 3.3 hutumia chini ya maikroampea 5 ikiwa haina mzigo, na hutoa hadi miliampea 250. Hiyo inatosha kwa LoRa, kwa kuwa SX1276 hufikia takriban miliampea 120 hata kwenye nguvu ya desibeli 20 juu ya miliwati. Haitoshi kwa Wi-Fi ya ESP32, kwa hiyo usiiwashe Wi-Fi kwenye kituo hicho bila kubadilisha mpango.

Ujumbe wa baiti 20 kwenye SF10 (SF ni kiwango cha LoRa cha kuutandaza ujumbe: namba ikipanda, ujumbe hufika mbali zaidi lakini hukaa hewani kwa muda mrefu), yenye upana wa bendi wa kilohezi 125, huchukua takriban sekunde 0.37 hewani. Hata ukitumia miliampea 120 katika muda huo, wastani kwa kila dakika 10 ni maikroampea 74 tu. Ukiongeza sekunde 2 za kuamka na kusoma sensa kwa miliampea 50, unapata maikroampea 167 nyingine. Jumla yote ni karibu na maikroampea 250, na kwa mkondo huo betri yako ina zaidi ya saa 10,000. Mwaka ulioutarajia unawezekana kwa chipu hiyohiyo uliyonayo.

SikioLaAntena

FundiMkondo ameshughulikia betri vizuri. Mimi nitazungumzia umbali, kwa sababu hapo ndipo wengi hukimbilia kununua redio yenye nguvu zaidi pasipo sababu.

Mahali pasipo na kizuizi chochote, mawimbi ya megahezi 868 hupoteza takriban desibeli 97 kwa kilomita 2. Ukirusha kwa desibeli 14 juu ya miliwati, kipokezi kinapata kama desibeli 83 chini ya miliwati, ilhali SX1276 kwenye SF7 inaweza kusikia ishara iliyo dhaifu kiasi cha desibeli 123 chini ya miliwati. Una akiba ya desibeli 40 hata kabla ya kupandisha SF. Mfumo wenye akiba kama hiyo ukikwama kwenye mita 700, basi ama kuna kizuizi kikubwa njiani, ama antena haifanyi kazi yake.

Ninaitilia shaka antena. Robo ya wimbi la megahezi 868 ni takriban milimita 86, na ya megahezi 433 ni takriban milimita 173. Antena za koili za masafa haya mawili hufanana sana kwa macho, na haijawahi kuwa vigumu kuzichanganya wakati wa kufungasha. Hiki ndicho kifaa ninachokuomba ukipate kabla ya kingine chochote: NanoVNA, kipimo kidogo cha antena. Hata toleo lake la awali hufika megahezi 900, yaani linatosha kwa kazi yako. Lakini usiamini kitu inachokuonyesha kabla ya kuisawazisha kwa vile vipande vitatu, kilicho wazi, kilichofungwa na kile cha omu 50, tena uvifunge mwishoni mwa waya utakaotumia kupimia. Ukishaisawazisha, tazama S11, yaani kiasi cha ishara kinachorudishwa na antena: kwenye megahezi 868 unataka bonde linaloshuka chini ya desibeli -10. Ukiona bonde liko mahali pengine, umempata mkosaji. Pima antena ikiwa ndani ya boksi lake na karibu na betri kama itakavyokaa kazini, kwa sababu chuma kilicho jirani huisogeza.

Jambo la pili ni kimo. Watu husema "ninaona upande wa pili" wakadhani inatosha. Mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba; yanahitaji nafasi pana inayoitwa ukanda wa Fresnel. Kwa kilomita 2 kwenye megahezi 868, nusu ya upana wa ukanda huo katikati ya safari ni takriban mita 13, na inashauriwa asilimia 60 yake isizibwe, yaani karibu mita 8. Antena mbili zilizowekwa mita 1 kutoka ardhini zitaonana vizuri kwa macho, lakini ardhi yenyewe itakuwa imekula sehemu kubwa ya ishara. Kuinua antena ya upande wa kipokezi kwa mita chache mara nyingi hufanya kazi kuliko kuongeza nguvu ya kurushia, na hakugusi betri kabisa.

Usikimbilie SF12 kama dawa ya kila kitu. Ujumbe uleule wa baiti 20 unaochukua milisekunde 57 kwenye SF7 huchukua sekunde 1.3 kwenye SF12. Pale ambapo sheria ya masafa inaruhusu kurusha kwa asilimia 1 tu ya muda, kama ilivyo kwenye sehemu kubwa ya bendi ya 868 barani Ulaya, gharama hiyo ni ya kweli, na betri pia inailipia. Thibitisha vilevile kwamba masafa hayo yanaruhusiwa mahali kituo kitakapofanya kazi.

MchoraSaketi

Kuhusu programu, ninaomba nipingane kidogo na wale waliokuambia ujifunze zote. Kila moja hujibu swali lake, na wewe una maswali mawili tu kwa sasa.

Anza na LTspice, ambayo ni ya bure. Ni ya ukoo wa SPICE, programu iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hesabu zake zinafaa kabisa kwa tatizo hili. Chora betri, ongeza rezista ya omu 0.2 kuwakilisha ukinzani wake wa ndani, weka mzigo unaoruka ghafla kutoka sifuri hadi miliampea 170, kisha tazama volteji inavyoanguka ukiwa na kapasita ya maikrofaradi 10 na ukiwa na ya maikrofaradi 470. Jioni moja ya kazi hiyo itakufundisha kuhusu kuporomoka kwa volteji kuliko kurasa nyingi za maelezo.

KiCad ifuate, kwa kuwa hutaendelea kutumia bodi ya majaribio milele. Imekuwapo tangu mwaka 1992, kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kimechangia sana maendeleo yake, na tangu toleo la 5 ina uigaji wa saketi ndani yake kupitia ngspice, ndugu nyingine ya SPICE, kwa hiyo ulichojifunza kwenye LTspice hakitapotea. Mambo mawili ndiyo huwaangusha wanaoanza kuchora bodi zenye redio. Kwanza, eneo lililo chini na kando ya antena ya moduli halitakiwi kuwa na shaba katika tabaka lolote; waraka wa moduli huonyesha vipimo vyake, nawe unaliwekea katazo ndani ya KiCad ili programu yenyewe ikuzuie. Pili, njia ya shaba inayokwenda kwenye antena inatakiwa kuwa ya omu 50, na kwenye bodi ya kawaida ya FR4 yenye tabaka mbili na unene wa milimita 1.6, njia hiyo huwa na upana wa karibu milimita 3. Wengi huchora uzi wa milimita 0.25 kisha wakailaumu redio. KiCad ina kikokotoo cha kazi hiyo.

GNU Radio ni chombo kizuri sana, lakini swali lako halijakifikia. Ukipata RTL-SDR, kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye kompyuta, tumia kwanza programu iliyo tayari kama Gqrx au SDR++, na utaiona LoRa yako kwa macho, mistari iliyolala mshazari ikipanda kwenye skrini. Utajua papo hapo kama redio inarusha na kama iko kwenye masafa sahihi. Kiweke mbali kidogo na kituo, maana kipokezi cha biti 8 huzidiwa haraka na ishara ya karibu. FreeCAD itakufaa siku ya kuchora boksi.

MpendaVipya

Ninakubaliana na wenzangu, ila sipendi vifaa vipya vitajwe kana kwamba ni anasa tu. Wi-Fi 7 kweli haina nafasi hapa. Chaneli za megahezi 320 ni kwa ajili ya kasi, na tangi halina cha kuharakisha. Lakini chipu ya Bluetooth kama nRF52840 hulala kwa takriban maikroampea 1 au 2, na kwa njia ya Bluetooth ya masafa marefu, ambayo hupunguza kasi hadi kilobiti 125 kwa sekunde, inafaa sana palipo na vituo vingi vilivyo karibu karibu. Kwa kilomita 2, baki na LoRa.

Kifaa kipya ambacho ningekinunua bila kusita ni cha kupimia mkondo, mfano Power Profiler Kit II ya Nordic, ambayo hupima kuanzia chini ya maikroampea 1 hadi ampea 1 na kuchora grafu. Multimita ya kawaida kwenye kipimo cha maikroampea huongeza ukinzani, na kituo kikiamka tu, volteji inaanguka na chipu inajiwasha upya. Utakuwa unapima hitilafu uliyoitengeneza mwenyewe.

MpimaMaji

Ninawashukuru sana. Nimeazima kifaa cha kupimia mkondo pamoja na NanoVNA, na haya ndiyo matokeo.

Bodi ilipokuwa kama ilivyonunuliwa, ilitumia wastani wa miliampea 6.3. Nilipotoa taa na kuipitisha betri kwenye MCP1700 nikaruka regyuleta ya zamani, ilishuka hadi miliampea 1.9. Nilitarajia 0.25, kwa hiyo nilikaa na grafu siku mbili nzima. Mwishowe nikagundua kwamba nilikuwa ninailaza ESP32 bila kuiamuru SX1276 nayo ilale. Ilikuwa inabaki katika hali ya kusubiri, ambayo kwa waraka wake ni takriban miliampea 1.6. Nilipoongeza mstari mmoja wa amri, wastani ukawa miliampea 0.28.

Antena ilikuwa kama SikioLaAntena alivyoshuku: bonde lake lilikuwa karibu na megahezi 433. Nimeweka waya ulionyooka wa milimita 86, nikaukata kidogo kidogo huku nikitazama S11, na nimeinua antena ya kipokezi hadi mita 6. Sasa ujumbe unafika kilomita 2 kwa SF9. Ninaanza kuchora bodi yangu ya kwanza kwenye KiCad. Je, kuna jambo la kuangalia kabla ya kuituma itengenezwe?

MchoraSaketi

Hongera kwa kutokubali ile 1.9; wengi wangefurahi wakaishia hapo. Kabla ya kutuma, endesha ukaguzi wa kanuni za mchoro hadi pasibaki kosa hata moja, kisha chapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi na uweke moduli na vifaa vyako vyote juu ya karatasi hiyo. Angalia kila pini imeangukia wapi, hasa za MCP1700, kwa sababu mpangilio wa pini zake hutofautiana kati ya umbo moja la kifaa na jingine. Acha pia sehemu mbili za kugusia kwenye njia ya betri, zilizounganishwa kwa kipande cha waya unachoweza kukitoa, ili utakapotaka kupima mkondo tena usilazimike kukata shaba.